Sushi ya Siku ya Jiko

Wali wa Kudra ulikuwa wa kuringia. Kwa miaka kumi na sita aliyopika katika nyumba ya Bi Tahani kule Kiriri, mtaa wa matajiri mlimani, hakuna mgeni aliyewahi kuinua kijiko akakuta punje mbili zimeshikana. Iwe pilau, iwe biriani, iwe wali wa nazi, kila punje ilikaa kivyake na heshima zake. Na ukitaka kumtukana mpishi wa Kiislamu wa Bujumbura bila kumtaja mama yake, mwambie wali wake umeshikana. Atakununia mpaka Idi ya pili.

Sasa mtu kama huyo mletee habari za sushi.

Habari zenyewe zililetwa na Muadh, mtoto wa pekee wa Bi Tahani, aliporudi kutoka masomoni Dubai na kitambi kidogo na ulimi mpya. Alitaka sushi. Akamwonyesha Kudra video kwenye simu, mikono ya Mjapani fulani asiyekuwa na haraka, na Kudra akaitazama mara moja tu, nusu nusu, kwa kuwa aliona ni jambo la wali, na kwenye wali hakuwa na mwalimu. Akachukua basmati nzuri, akaiosha mpaka maji yakatoka maangavu kabisa, akatia vijiko viwili vya mafuta kama alivyotia maisha yake yote, akapika. Akautandaza juu ya karatasi nyeusi ya mwani mkavu, akapanga tango na samaki, akaviringisha kwa mkeka mdogo wa mianzi, akapata ule mviringo mrefu ambao mjini wanauita rulo. Akaweka kisu juu yake. Rulo ikapasuka. Wali ukatawanyika mezani, tango likaruka sakafuni, samaki akabaki peke yake katikati, uchi, kila mtu anamwona.

Muadh alicheka mpaka akakaa chini. Bi Tahani hakucheka. Alisema, "Kudra, safisha," basi, akaondoka. Kudra alisafisha huku masikio yanamwaka moto. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, na hakuwa amechekwa jikoni tangu alipokuwa mwari.

Wengine wangeacha. Kudra alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa na mikono. Alitazama ile video tena, safari hii kwa macho ya mwanafunzi, akaitazama wiki tatu. Akagundua kwamba mchele wa kufaa ulikuwemo humohumo ndani ya nyumba, kwenye gunia la walinzi: mchele mfupi wa tambarare ya Imbo, ule ambao mabibi wa Kiriri hawaugusi kwa sababu unashikana. Ilimbidi ajifunze kuharibu kwa makusudi kitu alichokijenga miaka arobaini. Bila mafuta. Bila kuukausha. Siki na sukari vikichanganywa wali ungali moto, kisha upepewe kwa kawa mpaka ung'ae na kunata vidoleni. Mara ya kwanza alipoupata vizuri alitaka kuufunika, mtu asiuone.

Halafu kisu. Hapo ndipo Kudra alipowapita wote. Alikuwa na kisu chembamba, kirefu, alichokipata kwa mchinjaji mmoja wa mtaa wa Buyenzi, chini mjini, na alikinoa kila asubuhi kwenye kitako cha sahani ya udongo. Rulo aliiacha ipumzike kwanza, mshono chini, mpaka mwani ulainike na kushika. Kisha alikichovya kisu kwenye maji yenye siki, akakisimamisha ili tone liteleze mpaka ncha, akakivuta. Hakukandamiza. Alisema ukikandamiza unaua. Alivuta mara moja, kuelekea kifuani, akafuta kisu kwa kitambaa kibichi, akachovya tena. Alianza katikati, akalaza nusu mbili bega kwa bega, akakata katikati ya hizo, kisha katikati tena, vikatoka vipande vinane, kila kimoja kina duara jeusi, wali mweupe, na katikati jicho la tango na mukeke, samaki wa ziwani aliyekaushwa kwa moshi. Alitumia mukeke wa moshi kwa sababu samaki mbichi wa ziwa hakumwamini, na hapo alikuwa na akili kuliko wengi waliosoma.

Jina likaenda. Mabibi wa Kiriri wakawa wanakuja kwa Bi Tahani alasiri ya Jumamosi kula sushi, na Bi Tahani akawa anasema "sushi yangu" bila kupepesa macho. Kudra hakujali. Yeye alikuwa anapanga sahani ile na kusimama nyuma ya mlango wa jikoni akisikiliza wanavyonyamaza inapoingia. Ule ukimya wao ndio uliokuwa wake.

Na alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda sushi, iliyokuwa nzito kuliko sifa. Nyumba yake ilikuwa Gatumba, bondeni kando ya mto. Mto ulipopanda ule mwaka wa mafuriko, maji yaliingia usiku mmoja na hayakutoka. Yaliporudi mwaka uliofuata, yalichukua na kuta. Alikaa kwenye hema pamoja na majirani, akipanda Kiriri kila alfajiri akiwa na matope magotini, mpaka siku moja Bi Tahani alipoona nyayo kwenye marumaru. "We Kudra, kamata kile chumba ya nyuma," alisema. "Mi sitaki udongo mu salo yangu." Ndivyo Kudra alivyopata chumba. Kitanda, dirisha moja, mlango wenye ufunguo. Hakuwa na mtoto wala ndugu wa kumpokea. Chumba kile ndicho kilichokuwa dunia yake yote, na alijua vizuri kilikaa juu ya nini. Kilikaa juu ya kisu.

Kisha Muadh akaleta boksi.

Lilikuwa boksi la plastiki, lenye sushi ndani, na aliliweka juu ya meza ya jikoni kwa ile sauti ya mtu aliyependa. "Mama Kudra, onja. Kuna mutoto mumoja wa Buyenzi anafanya kwao, anauzisha ku mabiro, ku maofisi ya mjini." Kudra alifungua. Alitazama muda mrefu. Kisha, Muadh alipotoka, alichukua njiti ya kiberiti akapima kipande kimoja, akapima cha pili, akapima vyote kumi na sita. Vilikuwa sawasawa. Vyake yeye, Kudra, vilipishana unene wa ukucha, jambo ambalo alilijua peke yake na Mungu. Akaonja. Wali ulikuwa mtamu kwa kiasi, umeshikana kwa kiasi, na mwani haukuraruka popote. Alimeza, na siku ile chakula kingine hakikupita.

Yule msichana aliitwa Houda. Baba yake fundi wa magari, mtu wa mjini wa siku nyingi, mwenye jina safi na kucha nyeusi. Muadh alitaka kumuoa, na alisema hivyo wazi, mezani, mbele ya mama yake.

Bi Tahani hakupiga kelele. Watu wanaopiga kelele unaweza kujibizana nao. Ukoo wake ulikuwa wa wenye maduka tangu babu wa babu, na alitarajia mkwe wa maduka vilevile. Lakini kusema "sitaki mtoto wa fundi" mwaka huu, mbele ya mtoto aliyesoma, haipendezi. Kwa hiyo alitabasamu. "Bon. Desturi unaijua," alimwambia mwanawe. "Aje siku ya jiko. Akikata vizuri mbele ya shangazi zako, mi sina neno. Akishindwa, we pia usinipigie makelele." Muadh alicheka kwa furaha. Alijua Houda anavyokata. Aliona mama yake amemrahisishia, kijana mjinga yule.

Siku ya jiko ilikuwa desturi ya nyumba ile. Kabla posa haijajibiwa, msichana huja kwa mama mkwe na kupika chakula kimoja mbele ya wanawake wa ukoo. Na huja mikono mitupu. Haleti mchele wake, haleti chumvi yake, wala kisu, wala kitambaa. Wazee waliogopa dawa, waliogopa msichana atie kitu chunguni amfunge kijana wa watu, kwa hiyo waliweka sheria kwamba kila kitu kiwe cha mwenyeji na kile kinachohitaji muda kipikwe na jiko la mwenyeji. Walijikinga vizuri sana na wageni. Kwamba mgeni naye angehitaji kukingwa, hilo halikumjia mtu kichwani kwa vizazi vinne.

Siku mbili kabla, Bi Tahani aliingia jikoni, akavuta kiti, akakaa. Miaka kumi na sita hakuwahi kukaa kwenye kiti kile.

"Kudra, huyu mutoto akiingia humu, we utafanya nini?"

"Nitapika, Mama Muadh."

"Utapika nini? Anakata kukuzidi. Muadh amesema, na we unajua." Alimtazama Kudra mpaka Kudra akaangalia chini. "Ataleta mutu wake wa kumusaidia. Na ule mutu atahitaji chumba."

Kudra aligeuka kuutazama mlango wa nyuma, wa kuelekea chumbani kwake.

"Muchele siku ile utapika we," Bi Tahani aliendelea. "Tia mafuta. Vijiko viwili, kama ya pilau. Siki itaficha arufu. Hakuna mwenye atajua."

"Mama Muadh..."

"Chumba itakuwa yako mpaka kufa. Nakupa neno yangu, na we unanijua, neno yangu siirudishe."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa ubaya wote aliokuwa nao, Bi Tahani hakuwahi kuvunja ahadi. Kudra alisugua meza iliyokuwa safi tayari. Ningependa kuwaambia kwamba alikataa kwanza, au kwamba alilia. Alichouliza ni kama mafuta yawe ya alizeti au ya mawese yaliyosafishwa, maana ya alizeti hayana rangi.

Jumamosi ilifika. Mjini mafuta ya gari hayakuwepo wiki ya pili sasa, lakini magari ya shangazi yalipanda Kiriri kama kawaida na kujipanga getini. Houda alipanda kwa miguu. Alipoingia uani buibui lake lilikuwa na vumbi mpaka magotini, na shangazi mmoja aliyesimama barazani alimgusa mwenzake kiwiko. Msichana alikuwa mwembamba, wa miaka ishirini na tatu hivi, na mikono mikubwa ya baba yake. Aliomba maji ya kunawa kabla ya kuomba ya kunywa.

"Salaam alaykum, mama," alimwambia Kudra, akainama kumshika mkono kwa mikono yote miwili. "We ndiye Mama Kudra? Muadh ananiambia toujours habari yako. Anasema we ulijifunza peke yako, ku simu. Mi nilifundishwa na mutu. Ya kwako ni nguvu zaidi."

Ingekuwa afadhali angekuwa na maringo. Kudra alijibu salamu, akavuta mkono wake, akamwonyesha meza.

Jiko lilijaa. Wanawake kumi na wawili walikaa kwenye viti vilivyoletwa kutoka sebuleni, chai mkononi, mikufu shingoni, na Bi Tahani katikati yao, mtulivu. Kwenye karo alisimama Lisette, mwanamke wa Gasenyi aliyefua na kufagia nyumba ile, akiosha vikombe. Juu ya meza palikuwa na kila kitu: mwani, tango, mukeke wa moshi, mayai ya kukaanga yaliyokatwa vijiti, kisu cha Kudra chenyewe, kikali kuliko siku zote. Na bakuli la wali chini ya kitambaa.

Houda alisema bismillahi, akalowesha vidole, akachota. Mkono ukasimama hapohapo.

Alisugua punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Akanusa. Akachota tena kutoka chini ya bakuli. Kudra alimwona anavyojua. Hakuna mpishi asiyejua. Ni kama kumgusa mwanao mwenye homa.

"Mama Kudra, samahani," msichana alisema kwa sauti ya chini, ya adabu. "Hii muchele, uliitia mafuta?"

Kudra alikuwa amejiandaa kwa mengi, ila si kuulizwa.

"Apana."

"Hata kidogo? Inateleza. Haishike."

"Eh!" shangazi mmoja akadakia. "Hajaolewa, déjà anauliza mupishi wa nyumba kama mwizi!"

"Siulize kwa ubaya, mama. Nikipewa mwingine nitaupika mi mwenyewe, upesi tu."

"Wageni wameshakaa," alisema Bi Tahani. "Na mupishi amekujibu." Akageuza uso kwa Kudra polepole.

Wanawake wote wakamtazama Kudra. Houda naye akamtazama, na katika macho yake hapakuwa na shutuma. Palikuwa na ombi tu. Neno moja lingetosha. Angeweza hata kujifanya mzee aliyesahau, akajipiga paji la uso, akacheka, mkono wa mazoea ya pilau, jamani, nisameheni. Wote wangeamini, maana ndilo kosa la kila mpishi wa mji huu. Kudra aliliona neno hilo, liko pale tayari. Kisha akaona dirisha la chumba chake, na kitanda, na hema la Gatumba.

"Wallahi," alisema, akaweka mkono kifuani, "wallahi l'adhim, sikutia kitu."

Houda aliinamisha kichwa. Baada ya kiapo hakuna swali, alilelewa hivyo. Akaanza kazi.

Alijitahidi, na wenye macho wangeona ustadi katika kule kushindwa. Aliukanda wali kwa viganja aupunguze utelezi. Aliubana mkeka mara tatu. Aliacha rulo ipumzike zaidi ya kawaida, akiomba kimoyomoyo, midomo inacheza. Akachovya kisu, akasubiri tone lishuke, akavuta mara moja, taratibu, mkono hautikisiki. Kisu kilipita safi. Na rulo ikafunguka nyuma yake, wali ukamiminika pande zote mbili, mwani ukabaki umelala kama soksi iliyovuliwa.

Alijaribu ya pili. Alijaribu ya tatu, akakata vipande vinene zaidi. Kipande kimoja kilisimama, kikakaa sekunde mbili, kikaanguka, na hapo ndipo kicheko kilipoanza, kwanza mmoja nyuma ya kikombe, kisha wawili, kisha wote.

"Hii ni sushi ama ni chakula ya kuku?"

"Labda Buyenzi wanakulaka na kijiko!"

"Mutoto wa fundi, mumupatie spana, kisu hajui!"

Houda aliweka kisu chini. Hakulia. Punje nyingi zilikuwa sakafuni, na alipiga magoti akaanza kuziokota, moja moja, kwenye kiganja, kwa sababu kwao chakula hakikanyagwi. "Achia, Lisette iko kwa ile kazi," aliambiwa, lakini aliendelea, na wao wakaendelea kucheka juu ya kichwa chake.

"Bon," alisema Bi Tahani. "Tusibaki na njaa. Kudra, leta ya kwako."

Na za kwake zilikuwepo kweli. Rulo mbili alizotengeneza asubuhi kwa wali mzuri, zikisubiri chini ya kitambaa kibichi, kwa amri ya Bi Tahani. Kudra aliziweka mezani palepale, mbele ya msichana aliyepiga magoti, akafuta kisu chake, akachovya.

Na hapa nitasema ukweli ingawa haupendezi: alifurahi. Kisu kilipoingia, kiburi chote cha maisha kilimpanda mwilini. Alivuta, akafuta, akachovya, akavuta. Hakuwahi kukata vizuri namna ile. Vipande vinane, kisha vinane, na safari hii hata njiti ya kiberiti isingekuta tofauti. "Mashallah!" walisema wanawake. "Ile ni mukono!" Kudra akainua macho, akitaka, Mungu amsamehe, Houda aone. Houda alikuwa anaona. Alikuwa amesimama, kiganja kimejaa punje, anautazama ule mkono jinsi fundi anavyomtazama fundi.

"Umekata vizuri, mama," alisema. Akaweka punje kwenye pipa, akanawa, akamuaga kila mwanamke kwa jina la ukoo wake, akashuka mlima kwa miguu.

Muadh aliingia wageni walipoondoka. Alikuta bakuli la wali uliotawanyika bado liko juu ya meza. Bi Tahani alikuwa amekataza lisiondolewe.

"Houda ndiye alifanya hivi?"

Kudra ndiye aliyemlea kijana huyu kwa uji wa asubuhi na kwa kumpeleka shule, kila mara mama yake alipokuwa dukani. "Ndiyo, mutoto yangu," alisema.

Muadh alilitazama bakuli. Angeweza kuonja. Alikuwa anaijua sushi kuliko wote waliokaa jikoni mle, kijiko kimoja tu kingemwambia kila kitu. Lakini shangazi zake walikuwa wamekwisha kumpigia simu wakicheka, na kicheko kile alikibeba usoni mwake kama kofi. "Bon," alisema, kama mama yake, akapanda chumbani. Mapenzi yake yalikuwa ya boksi. Lilipomwagika, aliona haya kuokota. Jumatatu posa ilirudishwa, na kabla wiki haijaisha Buyenzi nzima ilikuwa inajua msichana anayeuzia watu sushi hawezi kuikata. Maofisi yakaacha kuagiza.

Bi Tahani alimwita Kudra Jumatatu ileile, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameketi barazani, ziwa lote chini yake, na tasbihi mkononi.

"Kuanzia leo Lisette atapika."

"Lisette? Lisette anajua kufua, Mama Muadh."

"Atajifunza."

"Mi nilifanya vile ulisema. Yote."

"Ulifanya. Njo maana chumba ni yako. Nilikupa neno yangu na niko nayo. Kaa mule mpaka Mungu akuchukue, chakula utaletewa, hakuna mwenye atakusumbua. Lakini mukono yako haitagusa tena chakula yangu, wala ya mutoto yangu."

"Juu ya nini?" Sauti ya Kudra ilitoka kama ya mtoto. "Nimekukosea nini?"

Bi Tahani alisogeza punje ya tasbihi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alimtazama mpishi wake kwa aina fulani ya woga, woga wa kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Kudra zaidi, kuona kwamba yule mwanamke anaamini anachokisema.

"Mi nilikuomba mafuta, Kudra. Yamini sikukuomba. Ulimutaja Mungu mbele ya watu kumi na wawili, kwa uongo, na mukono wako ku kifua, na haukutetemeka. Kisha ukachukua kisu ukakata vizuri vile. Mi nilikuangalia nikasema, huyu mutu siku moja akitaka kunitilia kitu ku sahani, nitajuaje?" Akavuta punje nyingine. "Naogopa kukula kwako. Enda upumzike."

Kudra alitembea mpaka chumbani. Hatua kumi na nane kutoka jikoni. Hakuwahi kuzitembea mchana, kwa kuwa mchana alikuwa na kazi. Alikaa kitandani. Mikono aliiweka mapajani, akaigeuza, akaiweka tena, hakuona ikae wapi. Nje alisikia droo ya visu inafunguliwa na kufungwa, sufuria inashushwa, maji yanafunguliwa kwa nguvu nyingi mno. Akataka kupiga kelele kwamba yapunguzwe.

Baada ya muda mlango uligongwa taratibu. Lisette alichungulia, mikono imelowa, uso umejaa wasiwasi.

"Mama Kudra, unisamehe. Muchele ya kilo moja, maji inaingia ngapi?"

Kudra alisimama haraka, mdomo umeshafunguka kujibu.

"Lisette!" sauti ya Bi Tahani ilitoka barazani, wala haikuwa kali. "Usimuulize yule kitu."

Lisette alisimama kidogo kizingitini. Kisha akasema samahani, akaurudisha mlango polepole usije ukapiga kelele, akaenda kupika.